Karo Ndiyo Iliyopanga Uzazi

Mwaka 1967 Kenya ilifanya jambo ambalo hakuna nchi nyingine kusini mwa Sahara ilikuwa imelifanya: ilizindua mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi. Kulikuwa na kliniki, wauguzi waliofunzwa, tembe na koili kutoka ng'ambo, na wafadhili wenye haraka. Miaka kumi baadaye watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiwauliza wanawake wamezaa watoto wangapi. Jibu la uchunguzi huo wa 1977/78 lilikuwa wastani wa watoto 8 kwa kila mwanamke. Kufikia sensa ya 1979 ilikadiriwa kwamba watu wanaongezeka kwa asilimia 3.8 kila mwaka, yaani nchi nzima ingejizidisha mara mbili katika miaka 18 au 19. Nchi iliyotangulia kupanga ndiyo ikawa mbele kwa kuzaa.

Halafu, katika miaka ambayo shilingi ilikuwa inaporomoka na mgonjwa anaambiwa aje hospitalini na glavu zake, watu wakaacha kuzaa vile. Mwaka 1989 wastani ulikuwa 6.7. Mwaka 1993 ukawa 5.4. Mwaka 1998, 4.7. Karibu nusu imepotea ndani ya miaka 20, na hakuna vita, hakuna sheria ya mtoto mmoja kama ya China, hakuna aliyelazimishwa. Serikali hupenda kusema hiyo ilikuwa kazi yake. Mimi nakubali serikali ilifanya kazi. Ila sio ile kazi inayojivunia.

Ukiangalia kitabu cha jiografia cha shule ya upili, utakuta hii hadithi imechorwa kama ngazi. Kwanza watu wanazaa sana na kufa sana. Kisha dawa na maji safi zinapunguza vifo, lakini watu bado wanazaa kama zamani, idadi inapanda. Kisha nchi inatajirika, watu wanahamia mjini, wanazaa wachache. Wanaita mpito wa kidemografia. Mwalimu anachora mistari miwili ubaoni, unaikariri, unapita mtihani. Shida ni pale kwa "nchi inatajirika". Kenya haikutajirika katika ile miaka. Ilifilisika kiasi.

Tuanze nyuma kidogo, kwa sababu hofu ya Waafrika kuwa wengi mno ni mpya kuliko tunavyodhani. Wakoloni wa kwanza walikuwa na hofu ya kinyume. Miaka ya 1890 ilileta sotoka iliyomaliza ng'ombe, kisha ukame, nzige, ndui, na njaa ya 1897 hadi 1900 iliyofagia vijiji vya Ukambani na Ugikuyu. Ardhi ambayo walowezi waliiita tupu baadaye, mahali pengi ilikuwa imetoka tu kumwagika watu. Halafu ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia na wapagazi wa Carrier Corps, waliokufa kwa maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Ukipita Kariokor kununua kiondo, jina la soko hilo ni lao. Kabla machozi hayajakauka, homa kuu ya mafua ya 1918 ikapita. Kwa hiyo katika miaka ya 1920 wazungu wa Nairobi walikuwa wanalia kwamba hakuna vibarua wa kutosha, na baadhi yao walijiuliza kama Mwafrika ataendelea kuwepo.

Hata hawakuwa wanajua watu ni wangapi. Walihesabu vibanda ili watoze kodi, wakazidisha kwa nambari waliyoona inafaa. Sensa ya kwanza kamili ilifanywa 1948, ikatoa watu milioni 5.4. Kufikia hapo lugha ilikuwa imegeuka. Sasa tatizo lilikuwa watu na ng'ombe wamejaa kwenye maeneo waliyotengewa, udongo unamomonyoka, na wataalamu wa kilimo wanasema Waafrika wanazaliana bila mpango. Kwamba maeneo yalijaa kwa sababu nyanda za juu zilizokuwa kando yake zilikuwa za wazungu, hilo halikuwa kwenye ripoti nyingi. Kumbuka hili, kwa sababu limerudi mara kadhaa: kila wakati kuna mtu anayetuambia sisi ni wengi sana, uliza kwanza anaketi wapi.

Uhuru ulipokuja, sensa ya 1962 ilikuwa imetoa milioni 8.6, zaidi ya walivyotarajia wapangaji. Tom Mboya, aliyekuwa waziri wa mipango ya uchumi, alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1965 serikali ikaalika wataalamu wa Population Council kutoka New York, wakaandika ripoti, na miaka miwili baadaye mpango ukaanza. Kwenye karatasi ulikuwa mzuri. Lakini Mzee Kenyatta mwenyewe karibu hakuwahi kuusemea hadharani, na wanasiasa wengi walijua kwa nini. Utawaambiaje watu waliotoka juzi kambini na vijijini vya hali ya hatari kwamba sasa wapungue? Na tena kwa ushauri wa Wamarekani? Mpango ukawa kitu cha wizara, cha chumba cha nyuma kwenye zahanati, siku moja kwa wiki.

Na watu walikuwa na sababu nzuri ya kuzaa. Shosho yangu, wa Murang'a, alizaa 11, wakakua 9. Nilipokuwa mdogo nilidhani alizaa hivyo kwa sababu hakujua njia nyingine. Siku moja alinipigia hesabu yake, na ilikuwa safi kuliko za wataalamu wengi. Mtoto wa miaka 6 anachota maji. Wa miaka 10 anachuma kahawa. Wa kiume akienda shule na kupata kazi ya ofisi Nairobi, anasomesha wanaomfuata. Wawili watakufa, Mungu anajua ni wepi. Wanaobaki watakulea ukizeeka, kwa sababu mkulima hana pensheni. Hapo niambie wewe ungezaa wangapi.

Mwanademografia wa Australia, John Caldwell, aliyefanya kazi miaka mingi Nigeria na Ghana, aliandika mwaka 1976 jambo ambalo shosho angelielewa bila kusoma. Alisema swali la maana ni mali inatiririka kuelekea wapi. Pale ambapo inatoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, kuzaa wengi ni akili. Mtiririko ukigeuka, ukaanza kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, kuzaa wengi kunakuwa hasara, na hapo watu wanaacha. Dini, mila na mabango ya serikali vinafuata nyuma.

Miaka ya 1960 na 1970 mtiririko Kenya ulikuwa bado unapanda juu, na kila kitu kiliusukuma. Chanjo na zahanati zilifanya watoto wengi zaidi waishi. Mila za kuachanisha uzazi zilikuwa zinalegea. Pwani, mama anayenyonyesha alipaswa kukaa mbali na mumewe asije akambemenda mtoto, na bara kulikuwa na miiko kama hiyo kwa majina mengine. Maziwa ya kopo, nyumba ya chumba kimoja mjini na kanisa lililopiga vita uke wenza vikaiondoa breki hiyo, na hakuna breki nyingine iliyowekwa mahali pake. Hii ndiyo sababu uzazi ulipanda kabla ya kushuka, kitu ambacho ile ngazi ya kitabuni haionyeshi. Kisha mwaka 1974 karo ikafutwa kwa madarasa manne ya kwanza ya msingi. Mtoto akawa tiketi ya bahati nasibu isiyo na bei. Unanunua nane, mmoja ashinde.

Alipoingia Moi, nambari zikaanza kutisha hata Ikulu. Mwaka 1982 likaundwa Baraza la Kitaifa la Idadi ya Watu na Maendeleo, mwaka 1984 ikatoka sera ya kwanza kamili, na machifu wakaanza kuhutubia baraza kuhusu familia ndogo. Mwaka 1987 kulikuwa na kipindi cha televisheni, Tushauriane, na mchezo wa redio, Ushikwapo Shikamana, vyote vikizungumzia uzazi. Maaskofu walipinga. Mitaani kulikuwa na uvumi kwamba maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, yametiwa dawa ya kuzuia uzazi, na kuna watoto waliokatazwa nyumbani kuyanywa. Tusicheke sana. Mtu ambaye serikali yake haijawahi kumpa kitu cha bure ana haki ya kunusa pakiti.

Lakini wakati huohuo serikali hiyohiyo ilikuwa inafanya jambo jingine, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Januari 1985 ulianza mfumo wa 8-4-4. Ghafla kila shule ya msingi ilihitaji karakana ya useremala, jiko la sayansi kimu, vifaa vya sanaa. Nani alijenga? Wazazi. Kila mtoto alikuja nyumbani na karatasi: mabati, saruji, msumari, pesa ya jengo. Halafu madeni ya nchi yakaiva, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakaja na masharti yao, na mwaka 1988 sera ikawa kugawana gharama. Ni jina zuri sana kwa kitu kibaya. Vitabu kwa mzazi. Sare kwa mzazi. Desemba 1989 hospitali za umma zikaanza kutoza ada. Mwaka 1991 wanafunzi wa vyuo vikuu wakaanza kulipa karo ya moja kwa moja. Na katika miaka hiyohiyo kazi za serikali, zile ambazo zilikuwa zawadi ya ile bahati nasibu, zikafungwa. Waliofuzu walianza kurudi kijijini na cheti kwenye bahasha ya kaki.

Ongeza ardhi. Tangu mpango wa Swynnerton wa 1954 mashamba ya bara yalikuwa yamepimwa na kupewa hati, mwenye shamba anajulikana na mipaka haisogei. Ekari 4 zikigawiwa wavulana 5, na wao wakizaa watano watano, wajukuu wanarithi mahali pa kusimama. Shosho alikuwa na ekari 2 na wavulana 5. Mamangu na dada zake walikuwa wanaona hayo kabla hawajaolewa.

Basi weka hesabu ya shosho kando ya hesabu ya mamangu mwaka 1990. Mtoto hachumi kahawa, yuko darasani mpaka jioni. Kila muhula ana bei. Mmoja hawezi kuvuta wengine kwa sababu mwenyewe hana kazi. Na wale wawili waliokuwa "watakufa"? Wengi wao sasa wanaishi, kwa sababu ya chanjo. Mali imegeuka, inateremka kutoka kwa mzazi. Mamangu alizaa 3.

Hakuwa peke yake. Katika uchunguzi wa 1989 wanawake waliulizwa idadi ya watoto wanayoona inafaa, na wastani ulikuwa kati ya wanne na watano, wakati walikuwa bado wanazaa karibu saba. Kwenye pengo hilo ndipo mapinduzi yalikuwa. Wanawake walikuwa wameshaamua kabla hawajaweza. Na zile kliniki za 1967, zilizokaa miaka kumi zikisubiri wateja, ghafla zikawa na foleni. Mwaka 1984 wanawake walioolewa waliotumia njia yoyote ya kupanga uzazi walikuwa asilimia 17. Mwaka 1989, 27. Mwaka 1993, 33. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 sindano ilikuwa imeipita tembe, na sababu yake kila muuguzi anaijua: tembe inakaa chini ya godoro ambapo mume anaweza kuipata. Sindano unachomwa mara moja kwa miezi mitatu, unarudi nyumbani umebeba sukuma wiki, na hakuna anayejua.

Kwa hivyo sisemi mpango wa serikali haukufanya chochote. Bila ile sindano, uamuzi ungebaki uamuzi, na wanawake wengi wangelipia kwa miili yao, kama wengi walivyolipia. Ninachosema ni kwamba dawa ilikuwepo tangu 1967 na uzazi ukapanda. Ilipokuja karo, ukashuka. Familia ndogo ya Kenya haikuletwa na utajiri. Ilizaliwa na hofu ya kutoweza kumsomesha mtoto. Ukikutana na msee anayesherehekea takwimu hizo kama ishara ya maendeleo, muulize aliona wapi maendeleo mwaka 1993.

Kisha kila kitu kikasimama. Kati ya 1998 na 2003 wastani ulitoka 4.7 ukaenda 4.9, na matumizi ya njia za kupanga uzazi yakakwama kwa asilimia 39. UKIMWI ulikuwa umefika. Moi aliutangaza janga la kitaifa mwaka 1999, kwa kuchelewa sana, wakati umri wa kuishi ulikuwa umeshuka kwa miaka kadhaa na mashirika ya mazishi ndiyo yaliyokuwa yanakua. Pesa za wafadhili zikahamia huko, na haki yake. Lakini mwanamke aliyefika zahanati kwa sindano akaambiwa rudi wiki ijayo. Vifo vya watoto navyo vilikuwa vimepanda tena, na mtu anayezika hapunguzi kuzaa. Baada ya hapo mambo yakarudi njiani: 4.6 mwaka 2008/09, 3.9 mwaka 2014, 3.4 mwaka 2022.

Hiyo 3.4 ni wastani, na wastani huficha. Katika uchunguzi wa 2022 mwanamke wa Nairobi alikuwa na wastani wa watoto 2.5. Wa Mandera, 7.7. Kuna watu hapa mjini wanaosoma hizo nambari mbili na kuanza kuongea kuhusu dini na ujinga. Mimi naona Murang'a ya shosho. Mandera hakuna karo inayommaliza mzazi ikiwa shule yenyewe iko mbali na mwalimu amehamishwa kwa sababu za usalama. Mtoto wa miaka 6 anachunga mbuzi, na mbuzi ni benki. Ukame ukija unahitaji watoto waliotawanyika, mmoja na ngamia, mmoja mjini, mmoja Eastleigh. Mtiririko wa mali huko bado unapanda juu.

Na kuna siasa. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti pesa ilitoa uzito wa asilimia 45 kwa idadi ya watu. Baada ya sensa ya 2009 serikali ilikataa matokeo ya wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za Turkana, Wajir na Mandera, ikisema watu ni wengi kupita kiasi, na kesi ikaenda mahakamani miaka na miaka. Uchaguzi wa 2013 ulitupa msemo wa udikteta wa idadi. Ukishaambia jamii kwamba barabara, bajeti na urais vinafuata vichwa, huwezi kugeuka ukaiambia ipunguze vichwa. Nimesikia wanasiasa wa bara, wa makabila makubwa, wakiwahimiza watu wao wazae, jukwaani, huku wenyewe wana watoto watatu walio shule za kulipia.

Sasa sisi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na milioni 35.7 kati yao walikuwa chini ya miaka 35. Wajukuu wa ile 8, watoto wa ile 5. Wachumi wanatuita gawio la kidemografia: watu wazima wengi, watoto wachache wa kulisha, nchi inaruka. Wanatupa mfano wa Korea Kusini, ambapo mwanamke wa 1960 alikuwa na watoto kama 6. Wanachosahau kueleza ni kwamba Korea ilijenga viwanda vya kumwingiza kila kijana aliyefika umri. Gawio hulipwa na kampuni iliyopata faida. Na hiyo Korea mwaka 2023 ilifika wastani wa 0.72, kwa hivyo hata mfano wenyewe umechoka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo, habari ya kawaida. Nina marafiki wenye digrii wanaoendesha bodaboda na wengine wasio na digrii wanaofanya vivyo hivyo. Juni 2024 tulipojaa barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha, kuna wazee walioshangaa vijana wengi hivyo wametoka wapi. Walizaliwa. Mlikuwa mkihesabu tangu 1948.

Na wale wanaotuuliza kwenye arusi kwamba sisi tutaanza lini kuzaa, sidhani wanataka jibu la kweli. Jibu la kweli lina kodi ya nyumba, bei ya maziwa, ada ya daycare ya hapa Umoja, na karo ya shule itakayobadilisha mtaala kabla mtoto hajafika darasa la tatu. Ni hesabu ileile ya mamangu, na nambari zake zimepanda. Nyingine ni furaha pia, tusidanganyane: kuna wanawake wa rika langu ambao hawataki mtoto, si kwa sababu ya pesa, na shosho hakuwahi kupata nafasi ya kujiuliza.

Kitu cha mwisho ni cha sasa hivi. Mwaka 2022 asilimia 63 ya wanawake walioolewa walikuwa wanatumia njia ya kupanga uzazi, na asilimia 14 walitaka kuzuia au kuchelewesha mimba bila kutumia chochote. Sehemu kubwa ya sindano na vipandikizi nchini ilikuwa inanunuliwa kwa pesa za wafadhili, wale wale walioharakisha mwaka 1967. Mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID. Zamani zahanati ilikuwa na tembe na haina wateja. Leo nenda zahanati yoyote ya mtaani asubuhi ya Jumatatu, hesabu wanawake walioketi kwenye benchi, kisha muulize muuguzi kabati lina nini.